Kuzima mshumaa kwa hewa isiyoonekana: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jaribio hili nalifanya na watoto wa mtaani kwetu hapa Wete, Pemba, kila skuli zinapofungwa. Tunatengeneza hewa ndani ya jagi, tunaimimina juu ya mshumaa kama mtu anayemimina chai, na mshumaa unazimika bila kupulizwa wala kutiwa maji. Watoto hulipenda kwa sababu linafanana na kiinimacho. Mimi nalipenda kwa sababu mtoto akishaona kwa macho yake kwamba hewa inamiminika, anaelewa mambo mengi ya jikoni ambayo kumfahamisha kwa maneno matupu ningehangaika mwaka mzima. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa zaidi na wazazi na walimu wenzangu.

Nahitaji vitu gani?

Kipande cha mshumaa cha urefu wa vidole viwili, kibiriti, jagi la lita moja, bakuli lenye kina, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea, na siki kiasi cha mililita 75, yaani kama nusu ya kikombe kidogo cha chai. Dukani ukisema bekingi soda watakuelewa. Weka na ndoo ya maji pembeni. Jaribio haliihitaji, lakini mahali pana moto na watoto, ndoo huwa ya kwanza kufika.

Sina siki. Ndimu inafaa?

Inafaa sana. Siki ya dukani huwa na asidi asetiki kama asilimia 5, na maji ya ndimu yana asidi sitriki kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Kamua ndimu nne au tano zenye maji, chuja mbegu na nyama, basi. Mimi mwenyewe mara nyingi hutumia ndimu kwa sababu hazinunuliwi, zinaanguka tu uwani.

Ukwaju nao unafaa, ingawa lazima uuroweke, uuvuruge na uuchuje vizuri, maana ukiwa mzito povu linapanda na kukaa juu ya jagi kama povu la sabuni. Asidi kubwa ya ukwaju ni tartariki. Asidi hiyo hiyo ina historia yake katika kuzima moto: mwaka 1866 Mfaransa François Carlier alisajili mtungi wa kuzimia moto uliochanganya maji ya soda ya kuokea na asidi tartariki. Hewa iliyotoka mle ndani ilibana, ikayasukuma maji nje kwa nguvu hadi kwenye moto. Kwa hiyo mtoto wa Pemba mwenye ukwaju na soda ana mkononi vitu vile vile vya mtungi wa zamani.

Hamira, bekingi pauda au magadi je?

Bekingi pauda ni soda ile ile iliyokwisha changanywa na asidi kavu na wanga, kwa hiyo hutoa povu hata kwa maji matupu. Itafanya kazi, lakini utahitaji nyingi zaidi. Magadi ya kupikia yanachemka yakikutana na siki, na kama ndiyo uliyonayo, yasage kwanza.

Hamira ni habari nyingine. Hiyo ni viumbe hai vidogo, vinakula sukari na kutoa kabonidayoksaidi, hewa ile ile tunayoitengeneza kwenye jagi. Vile vitundu unavyoviona ukikata mkate wa kumimina ni nyumba za hewa hii. Ukitia hamira na sukari katika maji ya vuguvugu ndani ya chupa ya mdomo mpana, ukaifunika kwa sahani bila kuikaza, baada ya saa chache teremsha njiti inayowaka ndani ya mdomo wa chupa. Inazimika. Ni njia ya polepole, lakini kwa mtoto anayemwona mama yake akiumua unga kila siku, ni nzuri kuliko zote.

Nifanye vipi?

Simamisha mshumaa katikati ya bakuli kwa tone la nta yake mwenyewe. Uwe mfupi kuliko ukingo wa bakuli, hili usilipuuze. Uwashe. Tia soda kwenye jagi, kisha siki, lakini siki itie kidogo kidogo, mara tatu au nne, usiimwage yote kwa pamoja. Povu litapanda na kushuka. Likitulia, funika mdomo wa jagi kwa kiganja au kwa sahani, subiri kidogo, halafu inamisha jagi juu ya bakuli taratibu kama unayetaka kumimina maji, ila ukomee kabla maji yenyewe hayajafika mdomoni. Usiangalie jagi, angalia mwali. Kwanza unanyong'onyea, unapungua mwanga, pengine unanyanyuka kidogo kutoka kwenye utambi kana kwamba unatafuta pa kukimbilia, kisha unatoweka.

Mkiwa mmezoea, kunja karatasi ngumu iwe kama mfereji, iegemezeni kwenye ukingo wa bakuli, mmimine hewa juu ya mfereji. Hakuna kinachoonekana kupita, na mshumaa wa chini unazimika. Hapo ndipo watoto hupiga kelele.

Kwani ndani ya jagi kumetokea nini?

Soda na asidi zimekutana, zikageuka kuwa maji, chumvi fulani na hewa ya kabonidayoksaidi. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 5 za soda, nacho kinaweza kutoa zaidi ya lita moja ya hewa hii, ndiyo maana jagi la lita moja linatosha. Hewa hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa kadiri ya mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama chini ya jagi kama maji na kuisukuma hewa ya kawaida juu.

Hewa tunayovuta ina naitrojeni kama asilimia 78 na oksijeni kama asilimia 21. Mwali wa mshumaa unataka hiyo oksijeni, lakini usidhani lazima iishe yote. Ikishuka mpaka kama asilimia 16 tu, mshumaa kwa kawaida hauwezi tena. Maana yake si lazima bakuli lijae kabonidayoksaidi tupu, hata ikiingia kiasi cha robo inatosha kuushinda mwali.

Nimefuata yote lakini mshumaa haukuzimika. Kosa liko wapi?

Swali hili ndilo naulizwa kuliko yote, na jawabu karibu kila mara ni upepo. Kwanza angalia feni. Feni ya darini ikizunguka, hewa yote uliyoitengeneza inatawanywa kabla haijafika kwenye bakuli, hata kama wewe huhisi baridi yoyote. Kisha angalia madirisha. Miezi ya kusi, barazani kwetu jaribio hili halifanyiki kabisa, tunaingia ndani, tunafunga dirisha la upande wa upepo na kukaa sakafuni. Ukitaka kujua kama mahali panafaa, washa mshumaa peke yake uutazame: mwali ukisimama wima kama mti, endelea. Ukiyumba, hama.

La pili ni haraka. Watu humimina kwa kishindo kama wanaozima moto wa kuni. Hewa inayomiminwa kwa kishindo inajichanganya na hewa ya kawaida njiani, ikifika kwenye mshumaa imeshakuwa nyepesi. Polepole, mdomo wa jagi karibu na bakuli.

La tatu, mshumaa mrefu kupita ukingo. Hewa nzito inajaa kutoka chini, na ikifika ukingoni inamwagika nje. Mwali uliokaa juu ya ukingo unaiona ikipita chini yake tu.

Kuna pia soda iliyochakaa. Pakiti iliyofunguliwa muda mrefu, ikaachwa kwenye kabati karibu na jiko, huganda mabonge. Jaribu chembe kwenye ndimu: isipochachamaa papo hapo, nunua nyingine. Na ukikawia, jagi ukaliacha wazi huku unaita watoto waje, hewa inaondoka kidogo kidogo. Waite kwanza.

Nikiweka mishumaa miwili, mrefu na mfupi, upi utatangulia kuzimika?

Swali hili lina majawabu mawili, na yote ni sahihi.

Ukiwaweka katika bakuli moja na kumimina hewa ya jagi, mfupi unazimika kwanza. Hewa ya jagi ni baridi na nzito, inajaa kutoka chini. Ukipanga mishumaa mitatu kama ngazi, unaweza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Mtoto anaona kiwango kikipanda, kama anavyoona maji yakipanda bondeni wakati wa maji kujaa.

Sasa iwashe tena ile miwili, lakini safari hii usimimine kitu. Ifunike yote kwa chupa kubwa ya kioo. Mara hii mrefu ndio unaotangulia. Mara ya kwanza nilipoliona hili sikuamini, nikalirudia. Sababu ni kwamba hewa inayotoka kwenye mwali, japo ina kabonidayoksaidi, ni ya moto, na hewa ya moto hupanda. Inajikusanya juu ya chupa, ikianza kumnyima mrefu aliye karibu nayo. Hewa ile ile kwa jina, ikiwa baridi inakwenda chini, ikiwa ya moto inakwenda juu. Kwa sababu hiyo nyumba ikijaa moshi, mtu hufundishwa kutambaa sakafuni.

Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili la mishumaa miwili.

Nitajuaje kwamba kweli ni kabonidayoksaidi?

Kwa chokaa, na sisi chokaa tunayo. Chukua kidogo cha chokaa ya tambuu, ikoroge katika chupa ya maji, iache ilale usiku kucha. Asubuhi utakuta maji maangavu juu na masimbi meupe chini. Yachote yale maangavu bila kuyatibua. Mimina hewa ya jagi ndani ya chupa yenye maji hayo kidogo, ziba, tikisa. Yanageuka meupe kama tui lililotiwa maji mengi. Mtu mzima ndiye ashike chokaa, maana inaunguza macho.

Weupe ule ni kitu kile kile kilichomo kwenye matumbawe na makombe ya pwani. Zamani na hata leo, chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya matumbawe kwenye tanuu. Moto unaifukuza kabonidayoksaidi kutoka ndani ya jiwe, na jiwe linabaki chokaa. Kisha fundi akiipaka ukutani, chokaa inaanza kuirudisha hewa ile polepole kutoka angani mpaka inakuwa jiwe tena. Kuta za Mji Mkongwe zimekauka na kushikana kwa njia hiyo. Mskoti Joseph Black, katika miaka ya 1750, aliifuatilia hewa hii hii kwa kuchoma mawe ya aina hiyo na kuyatia asidi, akaona kwamba mwali haukai ndani yake.

Hata kombe la pwani ukilisaga na kulitia maji ya ndimu utaona viputo, ila ni vya taratibu sana kwa kuzima mshumaa.

Mwalimu alituonyesha mshumaa kwenye sahani ya maji, akafunika gilasi, maji yakapanda. Akasema maji yamechukua nafasi ya oksijeni. Ni kweli?

Nami nilifundishwa hivyo, na kwa muda nikafundisha hivyo. Si sahihi. Mwali unapotumia oksijeni, unatoa kabonidayoksaidi na mvuke badala yake, na mshumaa unazimika oksijeni nyingi ingali imo. Maji hupanda hasa kwa sababu hewa iliyokuwa imepashwa moto ndani ya gilasi inapoa na kunywea. Tazama vizuri: wakati mshumaa unawaka maji hupanda kidogo tu, ukishazimika ndipo yanapovutwa kwa kasi. Na ukifunika kwa haraka utaona viputo vikitoka chini ya gilasi, ile ni hewa ya moto iliyotanuka ikatafuta njia.

Ule moshi mweupe unaotoka mshumaa ukizimika ni nini?

Ni nta. Imegeuka mvuke, kisha ikapoa hewani. Mkubwa akisogeza njiti inayowaka kwenye mkondo wa moshi huo, kidole kimoja juu ya utambi, moto unateremka wenyewe na kuuwasha mshumaa bila njiti kuugusa.

Hewa hii haina madhara?

Lita moja katika chumba chenye mlango wazi, hapana. Tunaitoa wenyewe kila tunapopumua. Ila usimruhusu mtoto kuingiza uso ndani ya jagi, itamchoma puani. Ikiwa nyingi mno, inaua: tarehe 21 Agosti 1986 ziwa Nyos nchini Kameruni lilitoa wingu kubwa la hewa hii usiku, likateremka mabondeni kama maji, na watu wapatao 1,700 wakafa. Iliteremka kwa sababu ile ile inayoifanya iteremke kwenye mfereji wetu wa karatasi.

Usiichanganye na hewa ya seredani. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kabonimonoksaidi, ambayo haina harufu na huua hata ikiwa kidogo. Siku za mvua watu huingiza seredani ndani ili wapate joto au wakaushe nguo, wakafunga mlango wakalala. Tafadhali, seredani ilale nje.

Mbona kaa la mkaa halizimiki kwa hewa ya jagi?

Linafifia, kisha upepo ukipita linarudi. Moto unataka vitu vitatu: kitu cha kuungua, oksijeni na joto. Mwali wa mshumaa hauna akiba ya joto, ukinyimwa oksijeni kwa sekunde mbili umekwisha. Kaa limehifadhi joto ndani yake, linangoja tu hewa irudi. Kwa hiyo paa la makuti likishika moto, dawa ni maji, tena mengi, kwa sababu maji huondoa joto. Na hata ukidhani umezima, cheche zinaweza kuwa zimelala katikati ya makuti.

Basi naweza kuzima moto wa jikoni kwa njia hii?

Kwa jagi, hapana. Kwa ulichojifunza kwenye jagi, ndiyo.

Ramadhani moja, ningali kigori, shangazi yangu alikuwa anakaanga bajia kwenye karai. Mafuta yalipata moto kupita kiasi yakashika mwali. Mdogo wangu akaja mbio na kata ya maji. Shangazi alimpigia ukelele mmoja, "Weka chini!", akachukua sinia la bati lililokuwa limeegemea ukuta, akalisukuma kutoka upande wake mpaka likafunika karai lote. Kisha kwa upawa akafunga mlango wa jivu wa seredani. Hatukuruhusiwa kuligusa sinia mpaka baada ya magharibi. Tulipolifunua, upande wa chini ulikuwa mweusi tititi, na mafuta yametulia kama hayakufanya kitu.

Maji yangetiwa, yangezama chini ya mafuta, yakageuka mvuke mara moja. Maji yakiwa mvuke huchukua nafasi karibu mara 1,700 ya ile ya mwanzo, na mvuke huo ungerusha mafuta yanayowaka hadi darini, na usoni mwa mdogo wangu. Kwa hiyo: zima jiko kama laweza kuzimwa bila kupitisha mkono juu ya moto, funika, ondoka, usifunue. Moto mdogo wa mafuta unaweza pia kumwagiwa soda ya kuokea kwa wingi, kwani ikipata joto hutoa kabonidayoksaidi yenyewe. Usimwage unga wala sukari, hivyo vinawaka. Moto ukikuzidi kimo, watoe watu nje na uwaite zimamoto. Njia zetu nyembamba zinachelewesha gari, kwa hiyo waite mapema.

Je, gesi ya kupikia nayo inamiminika hivi?

Ndiyo, na nafurahi kila mzazi anapouliza. Gesi ya mtungi ni propani na butani, zote nzito kuliko hewa, propani kama mara moja na nusu, butani kama mara mbili. Zikivuja zinatambaa sakafuni, zinapita chini ya mlango, zinajaa pembeni na chini ya meza, kama vile hewa ya jagi inavyojaa bakulini. Tofauti ni kwamba hizi zinawaka. Ukisikia harufu, funga mtungi, fungua milango hadi chini, usiwashe wala kuzima swichi yoyote ya taa au feni, na usiache seredani au kibatari karibu.

Mtoto wa umri gani anaweza kufanya?

Kuchanganya na kumimina, hata wa miaka sita, ukiwa naye. Kibiriti ni cha mkubwa. Mtandio na mikono mirefu ya buibui vikunjwe nyuma, maana nguo za nailoni huyeyuka na kunata kwenye ngozi. Wala usitumie kibatari badala ya mshumaa, kikipinduka humwaga mafuta ya taa.

Maji yaliyobaki kwenye jagi niyafanye nini?

Yamwage kwenye karo, fuatishia maji safi. Ni chumvi isiyo na ubaya na siki kidogo. Jagi lisuuze ulirudishe mezani, na vipande vya mishumaa viweke kwenye kopo kwa ajili ya watoto watakaokuja kesho, kwa sababu watakuja.